Usimlipie mnyama usiyemwona

 

Utapeli si jambo geni sokoni. Mtu aliyetoa fedha yake kwa kitu asichokiona, Waswahili humwambia ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia la zama zetu ni simu ya mkononi. Ndani yake yamo matangazo madogo madogo yanayouza wanyama adimu: kasuku wa kijivu anayesema, kitoto cha duma chenye macho ya huruma, kijitumbili kinachoenea kwenye kiganja, kobe, kinyonga, mjusi wa rangi ya buluu. Picha ni nzuri, bei ni ya kutupa na maneno ni matamu. Mtoto humwonesha baba, baba humwonesha mama, na kabla jua halijatua fedha imekwisha tumwa. Mnyama hafiki.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Jamaa zetu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto wanaishi mahali ambapo ndege na wanyama wa kufuga ndani ni sehemu ya maisha ya watu wengi, na matangazo haya huwafikia kila siku. Nasi tuliobaki Dar es Salaam, Unguja na Mombasa tunazo simu zile zile, na fedha hutumwa kwa kubonyeza tarakimu chache.

Rai yangu ni kwamba hatuhitaji elimu mpya ya kompyuta ili kuokoka. Tunazo kanuni mbili ambazo mafakihi walituachia karne nyingi kabla ya intaneti: ona unachokinunua, na hakikisha kwamba anayekuuzia anakimiliki. Tangazo la mnyama lisilopita katika milango hii miwili liachwe, hata kama mtoto atalia. Kwani likiwa la uongo, umeibiwa. Na likiwa la kweli, mara nyingi umenunua kilichoibiwa.

Ruhusa ipo na dhamana ipo

Asije mtu akasema kwamba tunaharamisha ufugaji. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), mtoto aliyekuwa na kidege chake. Mtume (S.A.W.) alipowazuru alikuwa akimtania mtoto huyo kwa kumwuliza habari za kidege hicho. Wanazuoni wakachukua humo ruhusa ya mtoto kufuga ndege na kumchezea, maadamu hamtesi. Upande wa pili, maimamu hao hao wawili wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie riziki yake ardhini.

Basi mzazi anayetaka kumpa mwanawe ndege wa kufuga hana kosa. Linaloulizwa ni kwamba amempataje, kutoka kwa nani, na kwa njia gani.

Jinsi mtego unavyotegwa

Mtego huu una hatua zake, na anayezijua huutambua tangu mbali. Hatua ya kwanza ni bei. Huko Marekani kasuku wa kijivu aliyezaliwa na kulelewa kizimbani kwa kawaida huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Tangazo la tapeli humtaja kwa robo ya bei hiyo, au husema kwamba anatolewa bure, mnunuzi agharimie usafiri tu. Wazee wetu walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Muuzaji mwenye akili timamu hatupi mali yenye thamani kwa mtu asiyemjua, hali majirani zake wangeinunua kwa bei ya soko.

Hatua ya pili ni hadithi. Mwenye mnyama hufiwa na mume, au huhamishwa kikazi, au huwa katika kazi ya kuhubiri dini katika nchi ya mbali, naye anatafuta nyumba yenye upendo na wala si fedha. Maneno ya dini hutumika sana hapa, kwa kuwa tapeli anajua kwamba watu wa dini hudhaniana mema. Ukiwa Muislamu usishangae akikuita ndugu katika imani na kukuapia kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kiapo cha usiyemjua hakiwi badala ya kumwona ndege.

Hatua ya tatu ni kukimbia macho yako. Ukimwambia kwamba utakwenda kumtazama mnyama, atakuwa amehama jana. Ukimwomba azungumze nawe huku mnaonana kwenye simu, kamera yake itakuwa imeharibika. Ukimtumia ndugu yako anayekaa mji ule ule aliouandika kwenye tangazo, ndipo utakapoambiwa kwamba hasa mnyama yuko mji mwingine, au nchi nyingine. Kila unaposogea, yeye hurudi nyuma.

Hatua ya nne ni malipo. Hutakiwa yafanyike kwa njia isiyorudi: fedha za kutumwa kwa mawakala, namba za kadi za zawadi za madukani, sarafu za kidijitali, au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina jingine kabisa. Sababu ya jina kutofautiana haikosekani: ni la mke, ni la mhasibu, ni la daktari wa mifugo.

Hatua ya tano ndiyo inayokamua zaidi. Fedha ya mnyama ikishafika, huzuka kampuni ya usafirishaji yenye tovuti ya kupendeza na namba ya kufuatilia mzigo. Kumbe tovuti hiyo ni ya tapeli yule yule au mwenzake. Inakuambia kwamba mnyama amepakiwa, amepita uwanja fulani, kisha amezuiliwa. Anahitaji tundu maalumu lenye kipoza hewa, fedha yake itarudishwa akifika. Ukilipa tundu, inatakiwa bima, nayo itarudishwa. Ukilipa bima, inatakiwa chanjo, kisha karantini, kisha kibali. Kila tozo huja baada ya ile iliyotangulia kulipwa, na aliyekwisha kutoa mia nne haoni tabu kuongeza mia mbili ili zile mia nne zisipotee. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kutoa maradufu ya bei aliyoikimbia kwa wafugaji halali.

Hatua ya mwisho ni kitisho. Mnunuzi anapochoka na kukataa, huletewa ujumbe kwamba mnyama yuko uwanjani bila maji wala chakula, akifa yeye ndiye atakayeshitakiwa kwa kumtelekeza, na kwamba polisi wameshapewa jina lake. Wengi hulipa mara ya mwisho kwa hofu hii. Na tuijue: hakuna mnyama uwanjani, na hakuna shitaka. Aliyeahidiwa mnyama akatapeliwa ni mwenye kudhulumiwa, wala si mtuhumiwa.

Mwaka 2017 taasisi ya Better Business Bureau ya Marekani ilitoa ripoti juu ya utapeli huu kwa upande wa vijibwa na wanyama wengine wa nyumbani. Ilikadiria kuwa angalau asilimia 80 ya matangazo ya kulipiwa yanayojitokeza mtu anapotafuta mnyama mtandaoni huenda ni ya kitapeli, na ikaitaja Cameroon kuwa chanzo cha sehemu kubwa ya mtandao huo. Desemba 2020 waendesha mashitaka wa serikali ya Marekani huko Pittsburgh walimshitaki raia wa Cameroon aliyekuwa akiishi Romania kwa tuhuma za kuuza vijibwa visivyokuwepo. Mwaka 2022 kampuni ya Google nayo ilifungua kesi ya madai dhidi ya mtu wa nchi hiyo hiyo kwa tuhuma za namna hiyo. Si haki kuwahukumu watu wa nchi nzima kwa kazi ya wachache, na matapeli wa aina hii hawakosekani kwetu pia. Muhimu ni kuona kwamba mbinu ni moja, iwe ni kijibwa, kasuku au duma.

Na fedha ikishakwenda, kurudi kwake ni kwa nadra. Januari 2017 kampuni ya Western Union iliafikiana na serikali ya Marekani kutoa dola milioni 586 kwa sababu ya fedha za waliotapeliwa kwa njia mbalimbali zilizopita kwa mawakala wake. Malipo ya kwanza kwa waliodhulumiwa yalianza mwaka 2020. Hao ni waliobahatika kuwa na dola kubwa ya kuwadai haki yao, nao walingoja miaka mitatu. Aliyetuma kwa namba ya simu iliyozimwa jioni ile ile atamngoja nani?

Fiqhi ya kuona

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo, kwani mafakihi walilizungumza jambo hili kana kwamba walikuwa wanaitazama simu yako.

Imepokewa kwamba sahaba Hakim bin Hizam (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mtu anayemjia akitaka bidhaa ambayo yeye hana, naye akataka kumwuzia kwanza kisha akainunue sokoni. Mtume alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Tena alikataza biashara ya gharari, yaani ile ambayo mwisho wake haujulikani. Mafakihi walipoipigia mifano walimtaja ndege aliye hewani, samaki aliye majini na mnyama aliyetoroka. Kasuku wa kwenye tangazo ni ndege wa hewani kwa maana zote mbili.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, kauli yenye nguvu iliyoandikwa na Imam Nawawi ni kwamba kuuza kitu mahususi kilicho mbali, ambacho mnunuzi hajakiona, hakusihi. Madhehebu ya Imam Abu Hanifa yaliruhusu, lakini yakampa mnunuzi khiyari ya kuona: kikimfikia, akakitazama na kisimpendeze, ana haki ya kukirudisha. Tuwapime matapeli wetu kwa mizani zote mbili. Kwa Shafi biashara yao ni batili tangu mwanzo. Kwa Abu Hanifa mnunuzi ana khiyari, lakini atamrudishia nani mnyama ambaye hakufika, na mwenye kuuza amekwisha badili jina?

Atasema msomaji: mbona biashara ya salam imeruhusiwa, na humo fedha hutangulia na mali hufuata? Ni kweli. Lakini salam ni ahadi ya kitu kilichoelezwa sifa zake, kilicho katika dhima ya muuzaji, kwa muda unaojulikana. Asipokipata hiki ataleta kingine chenye sifa zile zile, au atarudisha fedha. Haifanywi kwa kitu kimoja mahususi kilichopigwa picha na kupewa jina. Tena madhehebu ya Hanafi hayakuikubali salam ya wanyama kabisa, kwa kuwa mnyama na mnyama hawalingani. Na walioikubali walitaka muuzaji anayejulikana, anayeweza kudaiwa mbele ya kadhi. Asiye na jina la kweli wala mji wa kweli hana dhima ya kuwekewa deni.

Basi na aliye mbali afanyeje? Fiqhi ilimfungulia mlango wa uwakala. Mwakilishi anayemwona mnyama kwa niaba yako ametosha. Watu wa pwani hatukosi jamaa: huyu ana shangazi Nairobi, yule ana mjomba Dubai, mwingine ana rafiki wa chuoni London. Mwombe aende nyumbani kwa muuzaji, amwone ndege, amsikie akilia, azione karatasi, na fedha itolewe hapo hapo mkononi au mbele ya macho yake. Safari moja ya basi ya ndugu yako inavunja hatua zote za mtego nilizozitaja.

Wapo watakaoona kwamba tunawabana wauzaji waaminifu, kwani nao wapo mtandaoni na wana familia za kulisha. Naamini wapo. Lakini muuzaji mwaminifu wa ndege hufurahi mnunuzi anapokuja kutazama, na mara nyingi yeye ndiye anayemhoji mnunuzi: una nafasi gani nyumbani, umewahi kufuga, nani atamlisha ukisafiri? Sharti la kuonana halimdhuru mwaminifu hata kidogo. Humdhuru asiye na mnyama.

Wala tusidanganyike kwamba picha ni sawa na kuona. Picha huibwa kwenye kurasa za wafugaji wa kweli, na yeyote anaweza kuitafuta picha kwa mtambo wa intaneti akaikuta imetumika katika matangazo kumi ya miji kumi. Leo kuna zaidi ya hayo: programu za kompyuta hutengeneza picha na hata video ya mnyama ambaye hajapata kuzaliwa, akilitaja jina la mwanao. Zamani tulimwambia mtu aombe video. Sasa video nayo haitoshi.

Karatasi zinavyosema kweli

Tapeli hupenda kutaja neno CITES, kwa kuwa lina heshima na wengi hawalijui. Ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kufanya kazi mwaka 1975. Duma amekuwa katika Kiambatisho chake cha Kwanza, chenye ulinzi mkubwa kuliko vyote, tangu mwaka huo. Kasuku wa kijivu aliingizwa humo katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na uamuzi ukaanza kutekelezwa Januari 2017.

Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Mnyama wa kiambatisho hicho aliyekamatwa porini hauzwi kibiashara kutoka nchi hadi nchi. Aliyezaliwa kizimbani, katika sehemu iliyosajiliwa, huweza kuuzwa, lakini kibali chake hutolewa na mamlaka ya serikali kabla hajapanda ndege, na nchi nyingi hudai pia kibali cha kuingiza, ambacho mnunuzi mwenyewe ndiye anayekiomba. Hivyo ukiletewa ujumbe kwamba kasuku yuko njiani na sasa zinahitajika dola 300 za CITES, umeshajua kila kitu. Kibali hakinunuliwi katikati ya safari, wala hakilipwi kwa kadi ya zawadi.

Zipo na sheria za nchi zinazoumbua uongo huu. Marekani ilibana uingizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya mwaka 1992, na tangu 1975 haikubali tumbili na nyani kuingizwa kwa ajili ya kufugwa nyumbani. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, ukaufanya mkatazo huo kuwa wa kudumu mwaka 2007. Falme za Kiarabu zilitunga sheria mwaka 2016 inayowakataza watu binafsi kufuga wanyama wakali. Anayekuahidi kukuletea kitumbili kutoka Afrika hadi Chicago, au duma hadi mlangoni kwako Sharjah, anakuahidi kosa la jinai, na kwa kawaida hata kosa lenyewe hana.

Nitaje na mayai. Yapo matangazo ya mayai ya kasuku yenye uhai, kila moja kwa bei ya kitoweo, mnunuzi ayaangulishe mwenyewe. Yai la kasuku wa kijivu huatamiwa kwa takriban mwezi mzima katika joto lisilobadilika. Yai lililotikiswa njiani na kupoa halina matumaini ya kutoa kifaranga, na mfugaji wa kweli hana sababu ya kuuza yai kwa dola ishirini ambalo baada ya miezi michache lingempa ndege wa dola elfu. Ukiona tangazo la mayai, funga ukurasa.

Na likiwa la kweli?

Sasa tuchukue kwamba tangazo si la uongo. Mnyama yupo, umemwona kwa macho yako, na bei imekupendeza. Hapo unabaki mlango wa pili: je, ni wake?

Misitu ya Maniema na Tshopo, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na Uislamu una mizizi ya miaka mingi, ni miongoni mwa mahali wanakokamatwa kasuku wa kijivu kwa ulimbo na nyavu. Husongamanishwa kwenye matundu, na wengi hufa kabla ya kuuona uwanja wa ndege. Kati ya mwaka 1982 na 2001 zaidi ya kasuku 600,000 wa aina hii waliokamatwa porini waliingia katika biashara ya kimataifa. Nchini Ghana watafiti walikuta kwamba idadi yao imeshuka kwa asilimia 90 au zaidi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kasuku mmoja anayesema sebuleni amewaacha wenzake kadhaa wamekufa njiani.

Vitoto vya duma hutolewa kwa mama zao katika Pembe ya Afrika, hupitishwa Somaliland na kuvuka bahari kwenda Yemen na nchi za Bara Arabu. Duma waliobaki porini duniani kote wanakadiriwa kuwa takriban 7,000 tu. Imepokewa na Abu Daud kwamba masahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akitapatapa kwa mbawa zake, na Mtume (S.A.W.) akaamuru warudishiwe mama yao. Hayo ni makinda mawili. Nani atamwamuru mwenye tangazo arudishe?

Wala tusiseme kwamba haya ni ya Kongo na Somaliland tu. Katika msitu mdogo wa Kimboza, mkoani Morogoro, huishi mjusi wa buluu ambaye hapatikani popote duniani ila huko na vipande vichache vya msitu vya jirani. Aliuzwa kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa maelfu, na wakamataji walifikia kukata miti jamii ya mkadi anamojificha ili kumpata. Aliingizwa Kiambatisho cha Kwanza mwaka 2016. Kobe wetu bapa wa majabali alimfuata mwaka 2019. Na Mei 2025 mahakama ya Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukamata chungu wa kuuza nje. Vijana wawili wa Ubelgiji miongoni mwao walikutwa Naivasha na takriban wadudu 5,000 ndani ya vichupa vyenye pamba. Ikiwa mdudu chungu ana sheria inayomlinda, sembuse duma?

Wanyama wa porini Tanzania wako chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 2009, na Kenya wako chini ya sheria ya mwaka 2013. Mwenye kumtoa bila kibali ameuza mali isiyokuwa yake, nayo ni amana ya watu wote. Anayenunua huku akijua ameshirikiana naye. Hawezi kujitetea kwamba alimlipa bei yake kamili.

La kufanya nyumbani

Kwanza, mazungumzo yaanze kabla ya mtoto kuliona tangazo. Mweleze kwamba picha ya mnyama si mnyama, na kwamba fedha ya nyumba haitoki bila wazazi wawili kukaa na kuulizana. Kuuliza si ujinga. Kijana anayeijua simu vizuri apewe kazi ya kuitafuta picha hiyo mahali pengine. Atajifunza, na ataiokoa nyumba.

Pili, kama moyo umependa ndege, wapo njiwa, kuku wa mapambo, kasuku wadogo wa rangi wanaozalishwa kwa wingi majumbani, na wapo paka wasio na mwenyewe wanaohitaji hifadhi. Wote hao unaweza kwenda kuwaona kwa miguu yako, ukamwuliza mwenye nao maswali uso kwa uso. Furaha ya Abu Umayr ilikuwa kwa kidege kidogo, wala haikuhitaji duma.

Tatu, aliyekwisha kutapeliwa asilipe tena hata senti, kwa ahadi yoyote wala kitisho chochote. Ahifadhi ujumbe wote, namba na risiti, awaarifu benki au kampuni ya simu siku ile ile, kisha apeleke habari polisi. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya inayo ya mwaka 2018. Ajihadhari pia na atakayejitokeza baadaye akidai kwamba anaweza kumrudishia fedha zake kwa ada ndogo. Huyo mara nyingi ni tapeli yule yule aliyebadili kanzu.

Nne, na hili ni letu sote, tusimcheke aliyeibiwa. Aibu ndiyo inayowalinda matapeli. Mtu huficha, na jirani yake anaingia katika shimo lile lile mwezi unaofuata. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, hakumlaumu mnunuzi kwa kutoona. Alimkemea muuzaji, kwa nini hakuweka juu kilicholowa ili watu wakione. Lawama ni ya mwenye kuficha. Nasi tukiwa na msiba huu, tuuweke juu watu wauone.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee. Zama hizi inabidi tuambiane. Mnyama ambaye wewe au mwakilishi wako hamjamwona, msimlipie. Na mliyemwona, ulizeni ametoka wapi. Mwenyezi Mungu atulinde na hila za wadanganyifu, abariki kipato chetu cha halali, na atie huruma katika nyoyo za watoto wetu kwa kila chenye roho. Amin. Wabillahi tawfiq.